Dakika Nane

Alikuja saa tatu, soko la zamani limeshachangamka,
akaiweka mezani pangu imefungwa
kwa kitambaa cha kufutia sahani.
"Bi Fundi," akasema, "niambie ukweli,
lakini usiniambie upesi."

Karisa Ngumbao, mpishi. Miaka kumi na tisa
jikoni mwa Mtaliano, kule upande wa mivinje;
na siku ya kuondoka Mtaliano aliivua saa mkononi,
akamvika, akamkumbatia, akalia:
"Hii, Karisa, ni bei ya nyumba."
Kiinua mgongo hakikutajwa.

Nikaipima kwa kiganja. Baba alinifunza hivyo,
kiganja kabla ya lenzi:
saa ya kweli hulala mkononi kama mtoto aliyeshiba,
ya uongo huelea kama kopo.
Hii ilikuwa nzito. Nikanyamaza.
Waongo wa siku hizi wamejua kutia risasi.

Nikadondosha tone la maji juu ya kioo.
Kwenye yakuti tone hujikunja, likakaa duara,
kama mgeni aliyeogopa kuchafua busati.
Hapa lilitambaa.
Nikasema moyoni, kioo huvunjika, huenda kilibadilishwa.
Nilikuwa nikiitafutia saa udhuru.

Nikaisogeza sikioni. Muuza achari anaita,
pikipiki zinapita, nikaziba sikio la pili.
Akrabu ya sekunde, saa ikiwa ya kweli, haikanyagi,
huteleza kama kisu ndani ya samli.
Hii iliteleza, ila kwa kigugumizi.

Nikavaa lenzi ya baba.
Jina kubwa la Uswisi lilikuwa zuri, lilikuwa zuri mno,
lakini neno dogo chini ya sita,
lile ambalo hakuna asomaye,
lilipungukiwa herufi moja.
Mwongo hachoki kwenye kubwa.
Huchoka kwenye dogo.

Ilionyesha tisa na dakika nane.
Tisa si neno: saa ya Mzungu, hata iwe halisi,
kwetu huteleza kwa saa sita,
nasi tumezoea kusoma mkia wa akrabu.
Lakini hizo nane?
"Jana asubuhi," akasema, "niliitia majira kwa redio."

Nikaufungua mgongo.
Palipostahili vito palikuwa na vidoa
vya rangi ya kucha, na kamani nyembamba
ya kiwanda kisichothubutu kujiandika.

"Sema sasa."
"Bandia, Karisa. Haiezeki hata choo."

Nikangoja matusi. Nikangoja machozi.
Akauliza, "Inakwenda mbele au nyuma?"
"Mbele. Dakika nane kwa siku."

Akavuta kigoda, akakaa.
"Yeye aliirekebisha Jumapili, baada ya kanisa.
Kila siku nikifika aliinua mkono:
Karisa, tazama, saa haidanganyi.
Shilingi hamsini, anaandika daftarini.
Bi Fundi, mimi Jumatatu nilikuwa mtu mzuri.
Jumatano nimeanza kulegea.
Jumamosi mimi ni mvivu, mzembe, Mswahili.
Mke wangu akanunua jogoo wa pili."

Hapo akacheka, na kicheko kikamshinda,
hadi muuza achari akaja kuchungulia.

Kisha akaomba penseli. Nyuma ya risiti yangu
akazidisha Jumamosi za miaka kumi na tisa kwa hamsini,
akaongeza Ijumaa, akaongeza Alhamisi,
ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa shule.
Hakunionyesha jumla.
"Alijua?" akaniuliza.
Nikamwambia lenzi haifiki huko.

"Basi niandikie. Andika: bandia."
Nikaandika.
"Andika na dakika nane."
Nikaandika, nikapiga muhuri wa baba.

Akaikunja karatasi ndani ya kile kitambaa,
taratibu, kama mtu afungaye mkate wa moto,
akaondoka nayo. Saa akaniachia.

Imo humu, droo ya chini.
Naitia majira kila Jumapili.
Jumatatu ni saa nzuri tu.